UZI: Ardhi ya Nakuru inameza maji. Tunapigaje picha ya kilicho chini kabla ya kujenga?

Kigingi58 (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Tangu mvua zianze nimekuwa nikisoma maswali yenu hapa: ukuta umepasuka, shimo limetokea katikati ya mahindi, choo kimezama usiku. Majibu huwa ni mawili tu, "jaza marami" au "ita mtu wa sava". La kwanza linanitia hofu. La pili ni zuri, ila nimeona watu wakilipia sava wakapewa kitu kisichojibu swali lao. Kwa hiyo leo nitaandika kwa kirefu, mnivumilie.

Mimi ni fundi wa vipimo vya chini ya ardhi. Miaka 11 nimebeba kebo na vigingi, kwanza Pwani kwenye mawe ya matumbawe, halafu nikarudi nyumbani: Njoro, Ngata, Bahati, Rongai, na mara mojamoja kuvuka kuelekea Muhoroni. Sitangazi biashara hapa wala sitatoa namba ya simu.

Mwaka juzi niliitwa na familia moja upande wa Njoro. Walikuwa na ripoti nzuri, imefungwa vizuri, ina mhuri. Ndani mlikuwa na kipimo kimoja cha wima kilichofanywa wakati wanatafuta maji ya kisima. Ripoti ikasema: udongo, chini yake majivu ya volkano, halafu tufu ngumu (majivu yaliyoshikana kuwa mwamba) kuanzia mita 7. Mkandarasi akasoma neno "ngumu" akachimba msingi. Nyumba ikasimama. Msimu wa pili wa masika, maji ya paa yakaanza kupotea.

Mama mwenye nyumba alinipeleka nyuma ya jikoni. Gata inamwaga kwenye mfereji mdogo wa saruji, na mfereji unaishia kwenye nyasi. Pale kwenye nyasi palikuwa na ufa wa upana wa kiganja. Akamwaga ndoo ya lita 20. Maji hayakutuama hata kidogo, yaliingia yote, na hatukuyasikia yakigonga chini. Akamwaga ndoo ya pili. Kimya kilekile. Kutoka hapo hadi ukuta wa jikoni ni hatua nne.

Aliyefanya kipimo kile hakusema uongo. Alijibu swali la kisima, nao wakalitumia jibu hilo kwa swali la nyumba. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Kipimo cha wima kinafanywa hivi: unapigilia vigingi viwili vya kupitisha umeme na viwili vya kusoma, vyote kwenye mstari mmoja. Vile vya umeme unaendelea kuvisogeza nje, hatua kwa hatua, na kadiri vinavyoachana ndivyo umeme unavyopita chini zaidi. Mwisho unapata orodha ya tabaka. Ila hesabu nzima imesimama juu ya dhana moja: kwamba ardhi imelala kama mikeka iliyotandikwa, mmoja juu ya mwingine, kulia na kushoto sawasawa. Kwa maji ya kisima cha mita 150 dhana hiyo mara nyingi inatosha. Kwa ufa uliosimama wima, au pango lenye upana wa chumba, haitoshi kabisa. Kipimo kimoja kinaweza kupita juu ya pango, kikalichanganya na mwamba wa pande zote mbili, kikakupa wastani mzuri wa kutuliza moyo.

Watu waliolisoma tatizo hili kwa muda mrefu kuliko wote ni wa nchi za karsti, yaani ardhi ya mwamba unaoliwa na maji. Jina lenyewe linatokana na Kras, uwanda wa mawe ya chokaa kati ya Slovenia na Italia. Maji ya mvua hubeba kaboni dayoksaidi ya hewani, na yakipita kwenye udongo hubeba zaidi; yanakuwa asidi hafifu. Asidi hiyo inakula chokaa kupitia nyufa, polepole, maelfu ya miaka, hadi ufa unakuwa mrija, mrija unakuwa pango. Juu, udongo unabaki umeshikilia kama dari. Siku dari ikichoka, inaanguka.

Kenya karsti ya namna hiyo tunayo Pwani. Shimoni kule Kwale jina linasema lenyewe. Nakuru si karsti. Sisi tuko juu ya majivu, pumisi (yale mawe mepesi yenye vitundu) na tufu za volkano, Menengai iko pale juu ya mji, na chini kuna nyufa za Bonde la Ufa. Hapa maji hayayeyushi mwamba. Yanazoa majivu yaliyojaza ufa wa zamani, chembe kwa chembe, yanayapeleka chini na pembeni, yanaacha uwazi. Wataalamu huita maeneo kama haya karsti bandia. Chanzo ni tofauti, lakini mtu aliyesimama juu na kuuliza "kuna nini chini ya miguu yangu" anahitaji vifaa vilevile na anakutana na mitego ileile.

Naendelea na vifaa kwenye posti inayofuata.

Kigingi58

Kifaa ninachokitumia zaidi ni cha umeme, lakini kwa mstari mzima badala ya nukta moja. Pale Njoro tulitandaza vigingi 48 vya chuma cha pua, kila kimoja mita 2 kutoka mwenzake, kwa hiyo mstari wa mita 94. Kebo moja inaviunganisha vyote na mashine inachagua yenyewe: sasa pitisha umeme hapa na pale, soma kule, halafu badilisha. Mamia ya vipimo kwa saa moja na kitu. Programu inachukua namba zote na kutafuta ardhi ya namna gani ingetoa namba hizo, kisha inakuchorea mkato wa wima wenye rangi. Kina unachofikia ni kama sehemu moja ya tano au ya sita ya urefu wa mstari, kwa hiyo kwetu ilikuwa mita 15 hadi 19 hivi, tena katikati tu. Pembeni picha inakonda.

Kazi ngumu si mashine. Ni mguso wa kigingi na udongo. Majivu makavu hayapitishi umeme vizuri. Tulikuwa na mfuko wa chumvi na mitungi minne ya maji. Kila kigingi unakipigilia sentimita 20 au 30, unamwagia maji ya chumvi, unashindilia udongo kwa kisigino, unarudi kwenye mashine kuangalia. Kigingi cha 31 kilikataa mara tatu. Nilipokichomoa ncha ilikuwa safi, haina hata vumbi la unyevu. Kilikuwa kimening'inia ndani ya uwazi. Nikaandika kwenye daftari "31 – hewa?" Wakati huo sijaona picha yoyote.

Tahadhari kwa wenye watoto na mifugo: mashine hizi zinasukuma volti mia kadhaa. Punda wa mkokoteni wa maji alitaka kukatisha kwenye kebo, tukasimamisha kazi hadi apite.

Sasa mtego mkubwa, na tafadhali shikeni hili. Picha haionyeshi mashimo. Inaonyesha ukinzani, yaani ardhi inavyoukatalia umeme. Pango lenye hewa linakatalia kabisa, linatoka kwa rangi ya ukinzani wa juu. Pango hilohilo likijaa tope au maji linapitisha, linatoka kwa rangi ya ukinzani wa chini. Mfinyanzi kwa kawaida uko chini ya omu-mita 100 (omu-mita ndiyo kizio cha ukinzani), chokaa kizima au lava kavu ni mamia hadi maelfu. Kwa hiyo kwenye chokaa, pango la tope linajitokeza wazi kama doa, lakini pango la hewa ndani ya mwamba ambao tayari una ukinzani mkubwa linaweza kujificha. Na bonge la lava kavu ndani ya majivu linaweza kufanana sawasawa na shimo tupu. Rangi moja, vitu viwili, na kimoja kati ya hivyo ndicho msingi bora wa nyumba unaoweza kuupata.

Jambo la pili: namba zilezile zinaweza kuzaliwa na ardhi zaidi ya moja. Programu inachagua iliyo laini zaidi. Shimo lenye kingo kali inalichora kama wingu, na chini yake huvuta mkia ambao haupo. Nimeona ripoti ambamo mkia huo umeandikwa "pango linaendelea hadi mita 20". Hakuna kitu pale. Ni kivuli cha hesabu.

Ndiyo maana hatuishii kwenye umeme.

Kipimo cha mvutano wa dunia ndicho ninachokiamini zaidi kwa uwazi mtupu, kwa sababu hewa haina uzito wa kudanganya. Mahali palipokosa mwamba pana mvutano mdogo kidogo. Kidogo mno: chukua pango la duara lenye nusu kipenyo cha mita 2, kitovu chake kikiwa mita 5 chini, ndani ya chokaa. Linapunguza mvutano kwa mikrogali 22 hivi (mikrogali ni kizio kidogo sana cha mvutano), wakati mvutano wote wa dunia ni mikrogali kama milioni 980. Likishuka hadi mita 10 inabaki 5 na nusu tu. Gravimita nzuri, yaani mashine ya kupima mvutano, inasoma hayo, lakini ukikosea kimo cha kituo kwa sentimita 3 umeshaingiza kosa la mikrogali 9. Mwezi na jua nazo zinayumbisha kipimo kwa zaidi ya mikrogali 100 kwa siku. Unapima kituo, unarudi kituo cha mwanzo, unaenda kingine, unarudi tena. Lori likipita barabarani unasubiri. Ni kazi ya subira, na kwenye majivu mepesi ya kwetu alama inakuwa ndogo zaidi kwa sababu tofauti ya uzito kati ya majivu na hewa si kubwa kama ya chokaa.

Rada ya ardhini ni ya haraka, unaisukuma kama toroli, na kwenye matumbawe makavu ya Pwani nimeona dari ya pango nayo kama upinde uliochorwa kwa kalamu. Huku kwetu wakati wa mvua, mfinyanzi na unyevu vinaimeza ndani ya mita moja au mbili za kwanza. Ukiuziwa sava ya rada kwenye udongo mweusi uliolowa, uliza itafika kina gani.

Nyundo na jiofoni (vihisi vya mtetemo wa ardhi) nitazieleza mtu akiuliza.

MwanaNgata

Asante kaka. Mimi nina swali la moja kwa moja. Ufa wa Mai Mahiu mwaka 2018 tuliambiwa ni Afrika inapasuka. Sasa wewe unasema ni maji yanazoa majivu. Ni lipi?

Kigingi58

Yote mawili yamo, ila kwa saa tofauti. Bonde linapanuka kweli, kwa milimita chache kwa mwaka. Mwendo huo ndio uliozaa nyufa kwenye mwamba, zamani. Halafu volkano za hapa zikafunika kila kitu kwa majivu na nyufa zikajaa. Machi 2018 mvua kubwa ilinyesha upande ule wa Suswa na Mai Mahiu, barabara ya Narok ikakatika. Wanajiolojia wengi waliofika walieleza kwamba maji yalizoa majivu yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani. Milimita chache kwa mwaka haziwezi kufungua korongo kwa usiku mmoja. Maji yanaweza.

Kwa mwenye ploti hili lina maana kubwa. Bonde huwezi kulizuia. Maji ya paa lako, ya barabara na ya shimo la choo unaweza kuyaelekeza kwingine.

Mwl_Jiografia

Naongeza mfano ninaoufundisha darasani. Guatemala City, 2007 na tena 2010. Mashimo ya duara kama yamekatwa kwa kikombe, la 2010 lina upana wa mita 20 hivi, limemeza jengo. Magazeti mengi yaliyaita kwa jina la mashimo ya karsti (sinkhole). Mji ule umekaa juu ya pumisi na majivu ya volkano, wala si chokaa, na maji ya mabomba ya chini ya ardhi yalihusishwa. Wanafunzi wangu wa Nakuru wanalielewa hilo haraka kuliko kitabu, kwa sababu pumisi wanaichezea njiani wakienda shule.

Kigingi58

Mwalimu, umenena. Huo ndio mfano unaotufaa kuliko picha za mapango ya chokaa.

Mzee_wa_Rongai

Vijana, nawasikiliza. Mimi nimechimbisha visima vitatu kwa mzee anayetafuta maji kwa kijiti na viwili vina maji hadi leo. Hizi mashine zenu zinakuja na karatasi nyingi halafu kisima kinatoka kikavu. Mbona tuziamini kwa mashimo?

Kigingi58

Shikamoo mzee. Sitabishana na visima vyako. Nitakwambia ninachofanya nikifika shambani kabla sijashusha hata kigingi kimoja: namtafuta mtu wa umri wako. Namuuliza mambo matatu. Maji ya mvua yanapotelea wapi? Ng'ombe aliwahi kutumbukia wapi? Kulikuwa na bonde dogo hapa ambalo trekta limelisawazisha? Majibu hayo ndiyo yanayoniambia mstari upite wapi. Pale Njoro babu wa boma la jirani alinionyesha mstari wa miti iliyokuwa ikinyauka kiangazi mapema kuliko mingine, kutoka kaskazini kwenda kusini. Nyufa nyingi za kwetu zinaelekea hivyo, kaskazini-kusini, pengine zikiegemea kidogo magharibi. Kwa hiyo nikatandaza kebo mashariki-magharibi, ikate ufa kama kisu kinavyokata muwa. Ningetandaza sambamba na ufa ningeweza kupita juu yake mita 94 nzima nisiuone, au niuone kama tabaka.

Kuhusu kuamini, mzee, usiamini mashine pekee. Mimi pia siiamini. Ninachoamini ni pale umeme, mvutano na maneno ya mwenye shamba vinapokutana mahali pamoja, halafu tukatoboa.

MamaTatu

Hapo kwenye kutoboa nisaidie. Kama mwisho ni kutoboa, si nitoboe tu tangu mwanzo niokoe pesa ya sava?

Kigingi58

Dada, swali hili ndilo ningetaka kila mtu aulize. Tundu la kuchunguza lina upana wa kiganja. Pango lenye upana wa mita 2 kwenye ploti ya hamsini kwa mia, utalipata kwa bahati. Unaweza kutoboa mara kumi, zote zikatoka ngumu, ukajenga, na shimo liko mita moja kando ya tundu la sita. Picha inakuambia utoboe wapi. Tundu linakuambia picha inasema kweli au la.

Njoro tulitoboa matatu. La kwanza kwenye doa la ukinzani wa juu karibu na kigingi cha 31: ufito ulishuka kwa kishindo kutoka mita 2 na nusu hadi karibu mita 4, hewa ya kompresa ikapotea, vumbi halikurudi juu. Uwazi. La pili kwenye doa lingine la rangi ileile, mita 20 mashariki, ambalo gravimita haikuonyesha upungufu wowote: lava ngumu, biti ikapiga kelele. Rangi moja, vitu viwili, kama nilivyosema. La tatu tulilitoboa mahali ambapo picha haikuonyesha kitu, makusudi. Majivu yaliyoshindiliwa, hakuna tatizo. Watu hulisahau tundu la namna hiyo kwa kuwa linaonekana kama hasara, lakini bila hilo huwezi kujua kama picha yako inatofautisha ubaya na uzima.

Kibarua_Menengai

Nilifanya kibarua kwenye sava za mvuke wa ardhini (jotoardhi) Menengai, kabla na baada ya uchimbaji kuanza 2011. Tulikuwa tunazika mirija mirefu ya sumaku na vyungu vya kusoma umeme, tunaviacha usiku kucha, hakuna anayepitisha umeme wowote. Hiyo haiwezi kutumika kwa ploti?

Kigingi58

Mliyofanya ni magnetotelariki. Inasikiliza umeme wa asili wa dunia, unaotokana na radi za mbali na jua, na inafika kilometa kadhaa chini. Ni njia nzuri ya kutafuta mvuke. Lakini ufa wa mita moja chini ya jikoni ni mdogo mno kwayo.

Okoth_Muhoroni

Ndugu, huku kwetu Koru kuna chokaa halisi, imechimbwa na kuchomwa miaka mingi. Nina shamba karibu. Je, sisi tuhesabu kuwa ni karsti?

Kigingi58

Omera, chokaa ya Koru ina historia yake, imefungamana na volkano ya zamani ya Tinderet. Haikujengwa na matumbawe ya bahari kama ya Pwani. Lakini mbele ya maji yenye asidi chokaa ni chokaa. Siwezi kusema shamba lako lina mapango bila kulikanyaga. Nitakwambia dalili za kuangalia: kijito kinachopotea kabla ya kufika mtoni, visahani vya ardhi vya duara visivyo na njia ya maji kutoka, mawe yaliyochongeka mifereji yenye kingo kali. Ukiona mawili kati ya hayo, usianze na kipimo kimoja cha wima. Anza na mistari miwili inayokatana.

Na kwako umeme una nafasi nzuri kuliko kwetu. Tope jekundu linalojaza nyufa za chokaa linapitisha umeme, mwamba haupitishi, tofauti inaonekana waziwazi. Kazi huwa ngumu pale tu pango linapokuwa tupu.

MwanaNgata

Mmoja hapa juu aligusia visima. Ngata kila ploti sasa ina kisima kirefu. Kuvuta maji chini hakuleti kuzama?

Kigingi58

Kwenye karsti, ndiyo, na mfano mkubwa uko Afrika. Magharibi ya Johannesburg, migodi ya dhahabu iko chini ya dolomiti, jamaa wa karibu wa chokaa. Walisukuma maji nje ili wachimbe, usawa wa maji ukashuka, na udongo uliokuwa umeshikiliwa ukaanza kudondoka ndani ya mapango. Desemba 1962 jengo zima la kusaga mawe pale West Driefontein lilizama, watu 29 wakafa. Baada ya hapo vipimo vya mvutano vikawa kazi ya kawaida kwenye eneo lile, kutafuta mahali dolomiti imeliwa na kujaa udongo kabla ya kujenga.

Kwetu Nakuru mambo ni tofauti. Maji ya visima virefu tunayavuta mbali chini, kwenye lava zilizopasuka. Mashimo ninayoitwa kuyaangalia yako mita chache tu, na karibu kila mara nikifuata nyuma nakuta maji ya juu: gata, kalavati iliyoelekezwa shambani kwa mtu, bomba linalovuja, shimo la maji machafu lililochimbwa ndani ya ufa kwa sababu "linakunywa vizuri". Hilo la mwisho linaniumiza. Fundi anasifia shimo lisilojaa kamwe, na kumbe linabeba majivu ya chini ya nyumba ya jirani. Na kinachoingia ndani ya ufa hakichujwi, kinaweza kufika kwenye maji ya mtu mwingine.

MamaTatu

Kaka, umenitisha na umenisaidia. Niko Bahati. Nyuma ya zizi kuna mahali pamebonyea tangu Aprili, kama sufuria, upana wa hatua tano. Mume wangu ameagiza lori la marami Jumamosi. Nimwambie nini?

Kigingi58

Mwambie asubiri, tafadhali. Ukimwaga marami juu ya uwazi uliofungwa unaongeza uzito kwenye dari na unaficha alama niliyoihitaji. Marami pia yana mawe, na kwenye picha yatatoka kama doa jipya.

Kwa sasa fanyeni hivi. Kateni mfereji mdogo juu ya hapo ili maji ya mvua yazunguke. Hamisheni mifugo. Pigilia vijiti vinne kwenye ukingo na viwili katikati, mfunge uzi wa mwashi ukiwa umenyooka kabisa, mpime kwa rula kutoka uzi hadi ardhini kila asubuhi, muandike. Ikishuka hata sentimita moja kwa siku mbili, wekeni kamba na watoto wasikaribie.

Halafu niambie: nyumba iko upande gani wa hapo, na kuna mstari wowote wa miti au nyasi unaoelekea kaskazini?

MamaTatu

Nyumba iko kusini, kama mita 30. Miti ya mkunazi na gravilia iko mstari mmoja kutoka pale palipobonyea kuja hadi karibu na tangi la maji. Sijawahi kuufikiria huo mstari hadi leo.

Kigingi58

Nimesoma. Hiyo mita 30 kusini ndiyo ninayoiwaza. Tangi lina maji kiasi gani sasa, na bomba lake la kufurika linamwaga wapi?

MamaTatu

Lita 10,000, limejaa. Linafurika chini ya gravilia ya mwisho.

Kigingi58

Toeni bomba hilo pale leo hii, hata kwa mpira wa kumwagilia, lipeleke maji barabarani upande wa mteremko. Punguzeni tangi hadi nusu. Nitakuja Jumapili na kebo. Nitatandaza mistari miwili mashariki-magharibi, mmoja kati ya zizi na nyumba, mwingine kati ya tangi na nyumba. Mtafute mtu wa kunisaidia kubeba maji, na kilo 4 za chumvi ya mawe. Na mume wako awepo, nataka aone kigingi kinavyoshika udongo, asisubiri kuonyeshwa rangi tu.

MamaTatu

Lori limesimamishwa. Bomba tumelitoa saa kumi na moja. Asubuhi hii uzi wa katikati: sentimita 34 na nusu. Nitaandika tena kesho.